Mtatupa Maji, Ama Mtatupa Chupa?

Leo sina vichekesho. Kama ulikuja kucheka, pita tu, tutaonana Ijumaa. Leo nataka tuongee kuhusu chupa za maji.

Nianze kwa kuungama, ndiyo mtu asikuje kwa komenti kuniambia najifanya mtakatifu. Mwaka jana nilikimbia nusu-marathoni hapa Nyeri. Kilomita 21, mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi minne. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri, natoka Majengo, nateremka hadi daraja la Chania, napanda King'ong'o, narudi. Kile kilima cha kurudi mjini hakijawahi kunizoea hata siku moja.

Siku ya mbio nilipewa maji mara tano, mara nne njiani na mara moja pale mwisho. Kila mara chupa nzima ya nusu lita, mpya, bado imefungwa. Sasa wewe uliyewahi kukimbia unajua mtu anavyokunywa akiwa mbioni. Funda la kwanza linaingia, la pili linaingia, la tatu linapitia puani. Inayobaki unajimwagia kichwani ama unaitupa na maji yake. Mimi zile nne za njiani nilizitupa zote. Sikuangalia zilianguka wapi. Nilikuwa naangalia saa.

Nikamaliza. Nikavishwa medali. Emsii akapiga kelele, muziki ukapigwa, wakubwa wakatoa hotuba kuhusu kutunza mazingira. Maana hiyo mbio, sikia vizuri, ilikuwa ya mazingira. Fulana yenyewe ilikuwa ya kijani na mti umechorwa kifuani. Kufika saa tano asubuhi kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mahema yakashushwa, spika zikapakiwa, magari yakaondoka.

Sitataja jina la hiyo mbio. Si woga. Ni kwa sababu nimeenda zingine baada ya hiyo, na ukibadilisha rangi ya fulana, stori ni ile ile.

Kesho yake nikatoka nyumbani nimevaa ile fulana yangu, kifua mbele. Barabarani nikampata mama mmoja anafagia, ana koti la kung'aa na fagio refu. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni mmoja wa wale wa jana?"

Nikafurahi, nikajua nitapongezwa. Nikamwambia ndiyo, nimemaliza kwa masaa mawili na dakika kumi na moja.

Akaegemea fagio lake. "Mimi niko hapa tangu saa kumi na moja, na bado sijafika pale kwa kona. Mwambie mwenzako mmoja aje na gunia."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, na nilikuwa nimechelewa, kwa hivyo nikaenda zangu. Nilipofika pale kwa kona nikageuka nikaangalia nyuma. Hakuwa anacheka.

Wiki mbili baadaye mvua ya masika ikaanza. Nyinyi wa Nyeri mnajua mvua yetu haina mchezo. Usiku wa pili, mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu ukajaa, maji yakageuka, yakaingia kwa nyanya mmoja jirani yetu ambaye huuza mahamri. Unga wake wote uliokuwa sakafuni ukaloa. Sisi vijana tukatoka na majembe na tochi za simu, tukaingia kwa mtaro, tukaanza kuzibua. Tulichotoa kilikuwa chupa. Chupa juu ya chupa, zimekumbatiana na ile nailoni nyembamba ya kufungia katoni za maji. Na katikati tukapata namba ya kifuani ya mkimbiaji, bado ina pini zake tatu.

Nitasema ukweli wote. Kwa huo mtaro kulikuwa na taka zetu pia. Nepi zilikuwemo, na mabaki ya sokoni, na viatu. Majengo si malaika. Siwezi kuapa kwamba moja ya zile chupa ilikuwa yangu. Lakini siwezi kuapa kwamba haikuwa. Na hapo ndipo hasira yangu ya leo imetoka, kwa sababu nilienda kuuliza na nikajibiwa.

Niliweka video fupi ya ule mtaro. Mtu mmoja wa kamati ya mbio akanitumia ujumbe, kwa upole kabisa. Akasema nisichukulie vibaya, mbio ni mbio, mahali penye wakimbiaji lazima patakuwa na chupa. Halafu akaongeza hii, na ndiyo nimeshindwa kulala nayo: "Isitoshe, hizo chupa ni riziki ya vijana wa mtaa wenu."

Wasee, someni tena. Kwamba taka zake ni msaada kwetu. Kwamba tunafaa kushukuru.

Basi ndugu yangu wa kamati, keti hapa nikujibu polepole.

Kwanza hiyo riziki. Chupa tupu ya nusu lita haizidi gramu 20. Maana yake kilo moja ni chupa hamsini ama zaidi. Kuna dogo jirani yetu, wa darasa la saba, aliyeokota siku ile ya mbio kutoka asubuhi hadi jua likazama. Kila chupa aliinama akaichukua, akamwaga maji, akaikanyaga, akaitia kwa gunia. Zile zilizokanyagwa na magari zikachanganyika na matope, mwenye mizani akazikataa. Alirudi nyumbani na pesa ya chai na chapati mbili. Hiyo ndiyo riziki unayoniambia. Kama kweli ulitaka vijana wa Majengo wapate kazi, kazi ina mshahara, ina glavu, ina mtu anayejua jina lako. Ungetuita wiki moja kabla, ukapatana na sisi bei, ukalipa. Kumtupia mtu kitu miguuni halafu ukasema umemsaidia, hiyo kwa Kiswahili ina jina, na si riziki. Ni dharau.

Pili, hii maneno ya "mbio ni mbio". Manze, watu wanaongea kama chupa zinaanguka kutoka mawinguni. Chupa haikuja barabarani kwa sababu mimi nilichoka. Ilikuja kwa sababu watu walikaa kwa meza, wiki nyingi kabla ya mbio, wakiwa wameketi vizuri na hakuna anayehema, na mtu akauliza, "Maji je?" Na mwingine akajibu, "Tutaleta chupa." Hapo ndipo taka zilizaliwa, kwa hicho kikao. Mimi niliyetupa ni mkosaji, sikatai. Lakini ulinipa kitu cha kutupa, mahali ambapo hapana pa kukitupa, saa ambayo siwezi kusimama kutafuta. Ulitaka nifanye nini, nikimeze?

Tupige hesabu kidogo, msiogope. Kanuni za riadha za dunia zinataka meza za maji kila baada ya kilomita 5 hivi. Kwa kilomita 21 hiyo ni meza nne, ongeza moja ya mwisho, tano. Tuseme wakimbiaji ni 2,000. Kila mmoja akipewa chupa kila meza, hizo ni chupa 10,000. Kwa asubuhi moja. Ndani yake kuna lita 5,000 za maji. Kila mtu akinywa kama kikombe kimoja, yaani robo lita kasoro kidogo, tuseme mililita 200, wamekunywa lita 2,000. Lita 3,000 zimemwagwa kwa lami. Mbio ya mazingira inamwaga lita 3,000 za maji safi barabarani, halafu inaacha plastiki 10,000 kama risiti.

Sasa geuza hesabu. Watu 2,000 mara mililita 200 ni lita 400 kwa kila meza. Hiyo ni mitungi 20 ya lita 20. Mitungi ishirini! Hapa Majengo naweza kukukusanyia mitungi ishirini kwa nusu saa bila kuvuka barabara. Na maji tunayo. Kampuni ya maji ya mji wetu, NYEWASCO, imeshika nafasi ya kwanza mara kadhaa kwenye ripoti za WASREB, wale wanaosimamia huduma za maji nchi nzima. Tuko kati ya Mlima Kenya na Aberdare, maji ya mfereji ni baridi kuliko ya friji, halafu tunaagiza lori la chupa. Kweli?

Najua utaniambia nini. Mitungi sawa, lakini watu watakunywa na nini? Watu elfu mbili, wote wana kiu, wote wana haraka. Haiwezekani.

Bwana, umewahi kwenda matangani?

Nakuuliza kwa heshima. Umewahi kuona kina mama wa kanisa wakilisha mazishi? Watu mia tano, mia nane, wanatoka kaburini wote kwa pamoja, wote wana njaa. Kuna mama wa sahani, kuna mama wa vikombe, kuna vijana wa kuchota maji, kuna beseni moja la kuosha na moja la kusuuza. Chakula kinaliwa, chai inanyweka, na jioni vikombe vinahesabiwa. Kikikosekana kimoja, kitatafutwa mpaka chini ya viti vya hema. Na hapa kwetu Majengo, njoo siku ya walima ama maulidi. Pilau linatoka kwa sufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, linapakuliwa kwa sinia, watu wanakula sinia kwa sinia, na watu wakitawanyika barabara ni safi kama hakuna aliyekuja. Hakuna mdhamini. Hakuna emsii. Hakuna mtu ana kibandiko cha "afisa wa mazingira". Kuna daftari moja la vikombe, na kuna mama mmoja ambaye hakuna mtu anataka kumkosea.

Hizo ndizo akili zinazohitajika kwa meza ya maji. Zipo hapa, zinafanya kazi kila Jumamosi, na kamati haijawahi kuziuliza hata swali moja. Kamati inaenda Nairobi kutafuta mtaalamu wa kupanga hafla.

"Lakini matangani watu wameketi, mbioni watu wanakimbia." Sawa, hii hoja nitaiheshimu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtu anayekimbilia zawadi hawezi kusimama kuchotewa maji kwa kikombe cha bati. Lakini wale ni wangapi? Ishirini, thelathini. Hao wana meza yao wenyewe, wanaweka chupa zao walizotengeneza nyumbani, na kanuni zinaruhusu. Wachorewe mstari baada ya meza, mita mia moja, hapo ndipo pa kuangusha chupa, na mtu asimame hapo akusanye. Sisi wengine 1,970, tuheshimiane, hatukimbizani na mtu. Mimi wa masaa mawili na dakika kumi na moja nilikuwa natembea kila nikifika kwa meza! Karibu wote walionizunguka walikuwa wanatembea. Tulikuwa tunapiga selfi. Tuna muda wa selfi, hatuna muda wa kikombe?

Na msikimbilie vikombe vya karatasi mkidhani mmemaliza kazi. Vingi vimepakwa plastiki nyembamba kwa ndani ndiyo visiloe. Ni chupa imevaa kanzu.

Wengine mtasema hizi ni ndoto za kijana wa simu. Basi tuangalie wenzetu.

London Marathon, mojawapo ya mbio kubwa kabisa duniani, ile ambayo Kipchoge alishinda tena mwaka 2019 kwa 2:02:37. Mwaka huo huo waandaaji walipunguza chupa kutoka 920,000 za mwaka uliotangulia hadi 704,000, na kwa kituo kimoja wakawapa wakimbiaji vifuko vidogo vya kinywaji vilivyotengenezwa kwa mwani, unatia mdomoni unameza na gamba lake. Siwataji ili niwasifu. Chupa laki saba bado ni balaa, na kwa hesabu hiyo kina mama wa matanga wamewaacha mbali sana. Nawataja kwa sababu mbio kubwa hivyo ilikubali kwamba chupa ni jambo la kupangwa. Hawakusema mbio ni mbio.

Nenda milimani. Kuna mbio za UTMB zinazozunguka mlima wa Mont Blanc, zinapita Ufaransa, Italia na Uswisi, kilomita zaidi ya 170. Mtu anakimbia mchana na usiku. Ukifika kwa meza ya maji hakuna kikombe cha kutupa. Unatoa chako, ulichobeba mwenyewe tangu mwanzo, kimeandikwa kwa orodha ya vitu vya lazima. Kama mtu anaweza kubeba kikombe kilomita 170 kwa baridi ya usiku mlimani, mimi nitashindwa aje kukibeba kutoka mjini hadi Kamakwa?

Na baiskeli. Aprili 2021, chama cha baiskeli duniani, UCI, kilileta kanuni kali: hakuna kutupa chupa nje ya sehemu zilizowekwa. Siku chache tu baadaye, kwenye mbio za Flanders kule Ubelgiji, Mswisi mmoja, Michael Schär, akawarushia mashabiki chupa yake kandokando ya barabara. Akatolewa mbioni. Pale pale. Watu walilalamika, wengi wakamwonea huruma, na adhabu ikalegezwa kidogo baadaye, maana kweli kuna watoto wanaota kupata chupa ya shujaa wao. Lakini angalia tofauti. Kule, chupa moja ilimtoa mwanamume kwa mbio kubwa, na dunia nzima ya baiskeli ikabishana wiki nzima. Hapa, chupa 10,000 hazipati hata sentensi moja kwa hotuba. Na msiseme hayo ni mambo ya Wazungu, kwa sababu Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mchezo huo huo yalikuja Kigali, jirani hapa, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008.

Hata sisi tumeshafanya makubwa kuliko haya. Mnakumbuka Agosti 28, 2017? Siku ambayo mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya nzima, faini hadi milioni nne ama jela hadi miaka minne. Watu walisema soko litakufa. Walisema nyama itabebwa na nini, mboga zitabebwa na nini. Mama mboga akatafuta njia, mwenye bucha akatafuta njia, tukazoea. Halafu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa kwenye mbuga, fuo na misitu ya hifadhi. Kwa hivyo elewa vile mambo yamekaa: huu mlima tunaouona asubuhi wakati hakuna mawingu, ukifika kwa lango la hifadhi na chupa ya maji ya kutupa, unaambiwa uiache. Lakini teremka hapa chini kwa barabara zetu, weka mti kwa fulana, na unaweza kutapanya chupa elfu kumi ukipigiwa makofi. Mlima unalindwa dhidi ya chupa. Majengo ndiyo inapelekewa.

Na maji hayajui mpaka wa hifadhi. Mvua inachukua chupa mtaroni, mtaro unateremka Chania, Chania inapeleka maji yake Tana. Tana inapita mabwawa ya Masinga na wenzake yanayotupa umeme, inaenda mpaka Kipini, inaingia Bahari ya Hindi. Chupa niliyotupa nikiwa naangalia saa yangu inaweza kufika Pwani kabla yangu. Mimi sijawahi kufika Pwani.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Ni hapa. Hapa ni nyumbani kwa Catherine Ndereba, binti wa Nyeri hii hii, aliyeshinda Boston mara nne na mwaka 2001 akavunja rekodi ya dunia kule Chicago kwa 2:18:47. Na hii ndiyo kaunti ya Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, akaanzisha Green Belt mwaka 1977, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hata Baden-Powell, mzee wa maskauti aliyefundisha watoto wa dunia nzima wasiache kambi chafu, amezikwa hapa mjini. Mbio ni zetu. Mazingira ni yetu. Ukichanganya maneno haya mawili kwa bango la mbio ya Nyeri, unatumia mali ya watu. Basi itumie kwa adabu.

Kwa hivyo nataka nini? Nimechoka na wasee wa mtandaoni wanaolia tu bila kusema wanataka nini. Nataka vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji roketi.

Kwanza, anayeomba kibali cha kufunga barabara zetu aseme kwa maandishi maji yatagawanywa vipi. Kama jibu ni chupa za kutupa, kibali kisitoke.

Pili, aweke amana. Pesa ya maana, iachwe kwa anayetoa kibali kabla ya mbio. Baada ya mbio njia yote ikaguliwe, kilomita zote 21, si pale penye hema na kamera peke yake. Wakazi wawili wa mitaa iliyopitiwa watie sahihi. Ikiwa safi, chukua pesa yako na asante. Ikiwa chafu, pesa ibaki ilipe walioifagia. Utashangaa vile kamati itaanza kupenda mitungi.

Tatu, wanaosafisha walipwe kwa bajeti ya mbio yenyewe, kwa siku, kwa bei iliyotangazwa, kabla mdhamini hajaondoka. Yule mama wa fagio asibebeshwe Jumatatu sherehe ya Jumapili ambayo hakualikwa.

Nne, hii ni yetu wakimbiaji. Anayetupa nje ya sehemu iliyowekwa asipewe medali. Nikiwemo mimi. Medali yangu ya mwaka jana iko kwa droo, sijaitundika. Nikiiangalia naona ule mtaro.

Na msingoje kamati. Miezi michache iliyopita nilikimbia mbio nyingine na chupa yangu mwenyewe mkononi, ile ngumu ya kutumia kila siku. Nilipofika kwa meza nikaomba wanijazie. Yule dada wa meza alishangaa kidogo, akanijazia, nikaenda. Nilimaliza dakika tatu nyuma ya muda wangu wa kwanza. Dakika tatu. Mathe hakuniuliza kuhusu hizo dakika. Hakuna mtu ameniuliza hadi leo.

Halafu kabla hujalipa ada ya mbio yoyote, iwe Nyeri, Karatina, Nanyuki ama Meru, waulize swali moja tu: "Mtatupa maji, ama mtatupa chupa?" Wakijibu vizuri, lipa. Wakianza kuzunguka, weka pesa mfukoni, vaa viatu, kimbia na marafiki bure. Barabara haitozi. Kamati isiyojali mtaro wetu itajali fomu zikikosa watu.

Mimi na mbogi yangu tumeshapeleka ombi kwa kamati moja. Tumewaambia mitungi tutaleta sisi, kina mama wamekubali kukodisha vikombe na kusimamia meza mbili kwa majaribio. Meza mbili tu! Tumeambiwa "tutaangalia". Sote tunajua maana ya "tutaangalia". Lakini nitarudi tena wiki hii, na mama wa daftari la vikombe amesema atakuja pamoja nami. Wakamwangalie yeye usoni wamwambie haiwezekani.

Wakikubali, mtaona hapa. Wakikataa, bado nitakimbia. Nitavuka mstari, nitageuka, na nitarudi nyuma na gunia kuanzia kilomita ya 20 kuelekea ya kwanza, mpaka nimfikie yule mama pale kwa kona. Nina deni lake la tangu mwaka jana.

Nani anakuja? Andika jina na mtaa wako hapo chini. Gunia uje nalo.